Niliandika Maji

Mama yetu alimsikiliza mdogo wangu mara tatu akieleza kwa simu anachosomea huko Ulaya, na mara ya tatu akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkatisha tamaa mgonjwa: "Kwa hiyo, mwanangu, umevuka bahari kwenda kusomea kumeza?"

Mdogo wangu akacheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema ndiyo, mama, kumeza.

Tangu siku hiyo, mtu akiuliza Ifakara nzima yule binti wa mama fulani anafanya nini, jibu ni hilo. Ana digrii tatu za kumeza. Mimi kaka yake nina cheti cha kidato cha nne, daraja la nne, na kazi ya kuziba pancha za baiskeli kwenye baraza ya nyumbani. Sitoki. Wateja wananikuta hapo hapo, na asiyenikuta basi ujue nimeingia ndani kunywa chai. Mdogo wangu ananiita Mlinzi wa Baraza. Mimi nimekuwa nikimwita Profesa tangu yuko darasa la tatu, kwa sababu alikuwa anasahihisha daftari zangu.

Niseme kazi yake nilivyoielewa, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Dawa ukiimeza haifiki tu. Inapita mdomoni, inashuka tumboni ambako kuna uchachu wa kuunguza, inaingia kwenye utumbo, halafu inakutana na ini, na kila mmoja anamega chake njiani. Inayobaki ndiyo inayokuponya. Watu kama mdogo wangu kazi yao ni kuhakikisha kuna kinachobaki. Alikaa Ulaya miaka minne na tumbo la kioo, chombo kama birika kubwa, ndani yake maji machachu ya uvuguvugu na kijiti kinachozunguka, akiangalia vidonge vikiyeyuka. Alinitumia picha yake. Nilimjibu kwamba hata tumbo la kioo linakula vizuri kuliko sisi.

Aliporudi nchini akawa mhadhiri chuoni, kisha mhadhiri mwandamizi, akajikita kwenye jambo moja: dawa chungu za watoto. Sababu yake huwa anaieleza kila anapohutubia. Kuna siku alinitumia video, nikamwona amesimama mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni, anasimulia alivyokuwa mtoto wa homa za mara kwa mara bondeni kwetu, na jinsi vidonge vya malaria vya wakati ule vilivyosagwa kwa mgongo wa kijiko, na kaka yake akamshika miguu wakati mama akimbana pua. Watu wakacheka. Ni kweli kabisa. Shati langu la shule lilikuwa na doa begani ambalo halikutoka, yeye ndiye aliyelitema.

Katika hadithi yake kijiko kilikuwa cha maji. Hapo nilisimamisha video, nikairudisha nyuma. Anasema maji. Hayakuwa maji, ilikuwa togwa. Mama hakuwahi kumpa mtoto mgonjwa maji na dawa, alimpa togwa ya mchele na kimea, iliyolala siku mbili na kuanza kuchachuka vizuri. Nikafikiri nimwambie, nikaona ni jambo dogo. Mtu akishatambuliwa kwa hadithi yake, unaanzaje kumbadilishia kikombe? Nikaendelea na pancha.

Alichokitengeneza baada ya miaka tisa ya kuhangaika ni punje ndogo kama chembe za mtama, ndani ya kipakiti. Kila punje imevalishwa koti. Koti hilo mate hayaliwezi, kwa sababu mate si machachu. Mtoto anaweka mdomoni, hasikii kitu, anameza. Punje zikifika tumboni zinakutana na uchachu, koti linavuka, dawa inatoka. Kwenye tumbo la kioo lilivuka kila mara, kwa wakati wake. Kilichobaki ilikuwa kuona kama watoto wa kweli wataimeza, mikononi mwa mama zao, si mikononi mwa wataalamu. Utafiti huo ukikubali, mdogo wangu anaitwa profesa mshiriki na dawa inasonga mbele. Ukikataa, anabaki alipo, na dawa inabaki kabatini na miaka yake tisa.

Alichagua bonde letu. Chuo kikamwambia atafute karani anayejulikana na kina mama, anayeandika mwandiko unaosomeka.

"Kaka, una mwandiko mzuri, na kina mama wanakujua."

"Wananijua kwa sababu sitoki."

"Sasa utatoka," akasema. "Wewe ukiingia kwa mtu hakuna anayeficha kitu. Hata kuku hawakimbii."

Nikapewa begi lenye vipakiti vya kugawia kina mama, fomu na kalamu mbili. Kila nyumba nilitakiwa kurudi mara tatu kuuliza maswali sita. La nne lilikuwa dawa imetolewa na nini, na vilikuwepo visanduku vitatu: maji, maziwa ya mama, kingine. Mbele ya kingine kulikuwa na mstari wa kuandika maelezo. La tano, je, mtoto alitema?

Msimu ulikuwa wa kuamia ndege. Mtu asiyekaa bondeni hawezi kuelewa hiyo inamaanisha nini. Mpunga unapoanza kubeba, mji unahamia mashambani. Mama, watoto, sufuria, mkeka, wote wako kwenye vibanda vya shamba kutwa nzima wakipiga kelele na kurusha mawe, miezi miwili, na ndege hawana Jumapili. Kwa hiyo mimi, mtu wa baraza, nikaanzia mashamba ya Lumemo kwa baiskeli, matope mpaka kwenye ekseli, nikaenda Chita kwa treni, nikaenda Masagati juu ya lori lililopakia mabati, nikafika nimenyooka mgongo kama bati lenyewe.

Nyumba ya kwanza haikuwa mbali. Ilikuwa ya mama mmoja anayenunua mayai kwetu, mwenye mtoto wa miaka mitatu. Nikapanda kwenye kibanda chake, nikaamkia mkwe wake, shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda na kata ya togwa. Nikanywa, kwa kuwa nilikuwa na kiu na togwa yake ina sifa. Nikafungua fomu. Maswali matatu ya kwanza yalikwenda vizuri.

"Dawa ulimpa na nini?"

Akaitazama kata iliyoko mkononi mwangu. "Si hiyo hiyo."

"Togwa?"

"Sasa nimpe nini? Maji ya hapa umeyaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Dimbwi lililo mita ishirini kutoka pale, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe wa mtu amesimama ndani yake hadi magotini. Togwa angalau imepikwa. Na dawa kali haiendi kwenye tumbo la mtoto likiwa tupu, kila mama huku anajua, lazima itangulie au isindikizwe na kitu chenye nguvu. Sikuona kosa. Nikainua kalamu niandike kwenye ule mstari, naye akanishika mkono.

"Usiandike togwa, kaka yangu. Nesi alitusema kliniki mbele za watu. Togwa inaharisha watoto, togwa uchafu, mama wa togwa rudi nyuma. Andika maji."

"Wameagiza tuandike ukweli."

"Basi andika maji, ndiyo waliyoagiza pia."

Mkwe wake akacheka. Mimi nikacheka. Nikaweka alama kwenye maji, kwa mkono wa kulia, kata ya togwa ikiwa kushoto.

Halafu akaniambia, bila kuulizwa, mtoto alivyotema. Hapo alifurahi kusimulia. Alitema ukutani, akamtemea na shangazi yake, mara ya pili akafunga meno kabisa. Hilo halikuwa aibu ya mama, lilikuwa ujeuri wa mtoto na ukali wa dawa. Nikaweka alama: ndiyo, alitema. Nikaandika na maelezo, kwa mwandiko mzuri.

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo. Ya tatu pia. Kufikia Chita nilikuwa siulizi tena swali la nne, naweka tu alama, kama unavyomalizia sentensi ya mtu unayemfahamu. Masagati mama mmoja alikuwa akichanganya dawa nilipofika. Nikazitazama zile punje zikielea juu ya togwa nyeupe. Akamwita mtoto, mtoto akajificha, akamtafuta, wakavutana, na hapo dakika kumi au zaidi zilikwisha kupita. Mtoto alipoonja akalia kilio cha mtu aliyedanganywa. Nikaandika: maji. Nikaandika: alitema.

Nilirudi nyumbani na fomu zote, safi, hazina hata doa la matope. Mdogo wangu akanisifu. Akasema hajawahi kupokea fomu zilizojazwa vizuri namna ile.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Nafikiri nilijua na nikakaa juu ya kile nilichojua, kama ninavyokaa juu ya kila kitu. Alishanieleza mwenyewe kwamba koti linavuka penye uchachu. Togwa ni nini kama si uchachu? Hata fundi pancha anaweza kuunganisha hayo mawili. Ningedanganya maswali yote mawili, angalau angepata uprofesa. Mimi nikadanganya nusu. Kwa fomu zangu, watoto wa bonde zima walikunywa dawa na maji safi, wakaitema kwa uchungu. Maana yake ilikuwa moja tu: koti ni bovu.

Alipiga simu baada ya miezi mitatu, sauti tambarare. Akasema matokeo si mazuri. Koti linavuka mdomoni, haelewi kwa nini, kwenye kioo halijawahi. Labda joto la njiani, labda unyevu wa bondeni. Ataanza upya. Nikamwambia pole. Nikasikiliza simu hiyo kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo ya mkoa mwingine. Kisha nikaloweka tairi kwenye beseni kutafuta pancha, viputo vikatoka, nikaziba.

Mwaka mzima akalirudia koti. Kila Jumapili ananieleza kwa simu: amelifanya nene, sasa linachelewa tumboni, amelipunguza, amebadilisha kiungo. Nilikuwa najibu ehe, ehe. Sikusikia uchungu wowote, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilikula vizuri, nililala vizuri. Kulikuwa na mahali ndani yangu palipotakiwa kuuma, nikapagusa, hapakuuma, kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Mama alisema nimekonda. Sikukonda, nilipima kwenye mizani ya kina mama wa mpunga.

Alikuja nyumbani Pasaka. Kamati ya chuo ilikuwa inakaa wiki inayofuata, naye alikuja na kompyuta yake akiandika barua. Tulikuwa jikoni asubuhi, mama akikoroga chungu, mimi nikimenya viazi, yeye akiandika juu ya gunia la mchele. Akamsomea mama kipande kimoja, kwa ile sauti ya kufanya mzaha na jambo lisilo na mzaha. Ilisema kwamba yeye, mtafiti, anakiri koti la dawa hii halifai, anaiondoa dawa kwenye majaribio, na haombi kufikiriwa cheo.

"Wamekufukuza?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Najitoa mwenyewe. Hizo punje zimekataa."

"Miaka yote hiyo ya kumeza."

"Ndiyo, mama."

Niliinuka na kisu cha viazi mkononi. Nikaenda chumbani kwangu. Ndani ya boksi la viraka nilikuwa nimebaki na kipakiti kimoja, nacho nilitakiwa kukirudisha na sikukirudisha, hilo niliongeze kwenye hesabu ya makosa yangu. Nikarudi jikoni, nikachota togwa kwenye chungu cha mama, ya siku mbili, nikamimina punje juu yake mbele ya macho ya mdogo wangu, nikaweka kikombe kwenye gunia karibu na kompyuta. Nikaendelea kumenya viazi. Nilimenya vinne. Aliangalia kikombe, akaangalia saa ya ukutani, akaelewa kabla hajakishika, nadhani, kwa kuwa ana akili zaidi yangu tangu darasa la tatu. Lakini alikishika. Akaonja, akatema kwenye majivu.

"Wangapi?" akauliza.

"Wote."

"Na fomu?"

"Niliandika maji."

Akafuta mdomo kwa ukingo wa kitenge. Mama aliacha kukoroga. Hakuelewa mambo ya koti wala ya kamati, alichoelewa ni kwamba kuna mtu ametema togwa yake.

"Togwa yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Walichanganyia dawa."

"Sasa kuna ajabu gani?" mama akasema. "Kwani wewe ulikuwa unadhani tulikuwa tunakupa na nini?"

Mdogo wangu akamtazama mama. Kisha akanitazama mimi, begani, pale lilipokuwa doa, kwenye shati ambalo halipo tena. Nikasema viazi vimetosha.

Ningependa kuandika kwamba alinipiga kofi, au alilia, au tulikumbatiana. Alifunga kompyuta akaenda kulala, asubuhi ile ile, mpaka saa nane mchana. Alipoamka alifuta barua na kuandika nyingine. Ya pili sikusomewa, lakini aliniambia imesema nini: kwamba koti halijathibitika kuwa bovu, kwamba fomu zote si za kweli na zinafutwa, na kwamba karani aliyezijaza ni kaka yake wa tumbo moja. Nikamwambia hilo la mwisho angeweza kuliacha.

"Ndilo uliloniachia mimi," akasema. "Sasa naliandika."

Kamati ilikaa. Walimuuliza kwa nini aliajiri ndugu, akawajibu tu kwamba mwandiko wangu ni mzuri. Cheo kilimpita. Waliokuwa wanafunzi wake sasa wanamtangulia kwenye orodha ya walimu, na wanamwamkia wakati wa kupita. Utafiti umeruhusiwa kurudiwa, kwa fomu mpya ambayo kisanduku cha kwanza kabisa kimeandikwa togwa. Karani ni nesi kijana kutoka Mahenge asiye ndugu wa mtu. Kina mama wanamwambia ukweli siku hizi, kwa sababu mdogo wangu alizunguka mwenyewe kwenye vibanda, wiki tatu, akinywa kata baada ya kata na kuomba radhi kwa yale waliyosemwa kliniki. Alirudi anaumwa tumbo. Mama akampa togwa.

Mimi nina kazi mpya, ya kukaa nyumbani, yeye ndiye aliyeitafuta. Kila anapovalisha koti jipya ananitumia vipakiti vya punje zisizo na dawa ndani, zina kitu kichungu tu. Nimesaini fomu ya ridhaa, kurasa nne, nimezisoma zote. Nachota togwa ya mama, nachovya karatasi ya kupima uchachu, naandika rangi. Namimina punje, nabonyeza saa, naonja kila baada ya dakika moja, naandika dakika ambayo uchungu umetoka. Anataka koti linalostahimili dakika ishirini, muda wa mama kumtafuta mtoto aliyejificha.

Jana lilikuwa koti la kumi na moja. Alipiga simu asubuhi, akasema hili analiamini, na kamati inakaa tena mwezi ujao. Nikaweka simu wazi juu ya gunia ili asikie nikianza. Dakika ya tano hakuna kitu. Ya sita hakuna. Ya saba nikamsikia anapumua. Ya nane ikaja, nyuma ya ulimi kwanza, kisha kote, ule uchungu ninaoufahamu kwa kuuona usoni mwake akiwa na miaka mitano.

"Kaka?" akasema. "Vipi?"

Nikachukua kalamu kwanza. Niliandika nane, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake. Ndipo nikamjibu.